Habari za Kupika Tambi Nyumbani

Napenda kuwaandikia habari za chakula ambacho wengi wetu twakijua tangu utoto, lakini twakijua kwa namna moja tu, nacho ni tambi. Hapa kwetu pwani mtu akisikia tambi hukumbuka tambi za sukari. Huvunjwa vipande, hukaangwa kwa samli kidogo mpaka zigeuke rangi ya kahawia, kisha hutiwa tui la nazi, sukari na iliki. Sufuria hufunikwa na kupaliwa makaa, nazo huiva polepole mpaka tui likauke. Ni chakula kizuri, wala sikitukani. Lakini ni chakula cha siku kuu, na kwa jirani zetu Waislamu ni chakula cha kufuturu. Si chakula cha kuwashibisha watoto usiku wa Jumanne, baba amechoka na mama hayupo.

Nasema mama hayupo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwangu. Mama mkwe wangu alianguka akavunjika mfupa wa nyonga, na mke wangu akaenda Korogwe kumwuguza, akakaa huko miezi mitatu. Watoto wanne walibaki nami hapa Muheza, mdogo wao akiwa na miaka mitano. Juma la kwanza majirani walituletea chakula, nasi twawashukuru. Lakini sahani ya jirani haifai kuwa desturi. Ugali najua kuusonga. Maharage yataka saa mbili motoni au zaidi, nami hurudi kutoka darasani jua likizama. Ndipo binamu yangu, aliyepata kuwa mpishi wa hoteli huko Mombasa, akanifundisha kupika tambi kama wazipikavyo Waitalia.

Watu wengi husema ya kuwa Marco Polo ndiye aliyezileta Italia kutoka China. Si kweli. Yeye alirudi kwao mwaka 1295, lakini mwaka 1154 al-Idrisi, mwanachuoni Mwarabu aliyemwandikia kitabu mfalme Roger wa Sisilia, alikwisha kueleza kwamba katika kijiji cha Trabia kisiwani humo walitengeneza tambi nyingi na kuzipakia merikebuni kwenda nchi nyingine. Kitabu hicho hicho chataja pia pwani ya Zanj, ndiyo pwani yetu. Nyanya ndizo zilizochelewa, maana asili yake ni Amerika. Hazikufika Italia mpaka karne ya 16.

Basi, kupika kwenyewe. Tambi njema hutengenezwa kwa ngano ngumu na maji tu. Huko Italia sheria ya mwaka 1967 iliamuru hivyo kwa tambi kavu. Tazameni maandishi ya pakiti kabla ya kutoa fedha, kwani zile za unga wa ngano laini hugeuka uji upesi. Gramu 100 zamtosha mtu mzima, basi pakiti ya gramu 500 yatutosha sisi watano na kubaki kidogo. Waitalia hutaka lita 1 ya maji kwa kila gramu 100. Lakini maji yetu huchotwa na makaa hununuliwa, nami hutumia lita 3 kwa pakiti nzima, nazo huiva vema, mradi zikorogwe dakika za kwanza zisije zikashikana. Maji yachemke kwanza, ndipo utie chumvi, kisha tambi. Usitie mafuta majini. Hayazuii kushikana, bali huzifanya tambi ziteleze na kuukataa mchuzi. Onja baada ya dakika 8. Ziwe laini nje, na katikati jino lione ugumu kidogo.

Kuhusu makaa liko neno jingine. Mwaka 2022 Giorgio Parisi, mwanafizikia wa Italia aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliunga mkono shauri la kuuzima moto mapema na kuziacha tambi ziive ndani ya sufuria iliyofunikwa. Wapishi wengine wa kwao walikasirika. Mimi nimelijaribu, nami nawaambia ya kuwa mfuniko ukikaa vizuri tambi huiva. Ila zataka dakika chache zaidi.

Mchuzi wa kila siku ni huu: kitunguu kimoja, vitunguu saumu punje tatu, nyanya sita mbivu, mafuta kidogo. Kabla ya kuchuja tambi, teka kikombe kimoja cha maji yake, ukitie katika mchuzi. Maji hayo yana wanga, nao huufanya mchuzi uwe mzito na kushika. Kisha changanya tambi na mchuzi motoni dakika moja, wala usizisuuze kwa maji baridi.

Siku moja mzee wa mtaa wetu alipita, akanikuta nimeinamia jiko. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, mwalimu," akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Je, huna dada, huna shangazi, hata mwalimu wa watu aonekane ameshika mwiko?" Nikamjibu, "Dada zangu wana watoto wao, babu. Hawa ni wangu." Hakujibu, wala hakuondoka. Alikaa juu ya kigoda, na tambi zilipoiva akapewa sahani, akala zote, akasema chumvi haikutosha.

Neno lake nalilifikiri siku nyingi. Mwanangu mkubwa, kijana wa miaka 12, alikuwa pale akisikiliza. Kama ningaliuweka mwiko chini kwa aibu, angalijifunza tangu saa ile ya kuwa mtoto mwenye njaa na angoje mpaka apatikane mwanamke. Kesho yake nikampa yeye mwiko. Mke wangu aliporudi alimkuta kijana ndiye mpishi wa Jumanne, naye hakuliondoa jambo hilo, ila aliongeza pilipili.

Wenye maharage yaliyobaki wayaongezee maji, na yakichemka watie tambi zilizovunjwa. Waitalia maskini wamelishana hivyo miaka mingi. Watu wa Sisilia huzila na dagaa wa kwao, na dagaa wetu wa Tanga wafaa vilevile, wakikaangwa kwanza na kitunguu. Na tambi zilizolala zisitupwe. Watu wa Napoli huzichanganya na mayai na kuzikaanga kama chapati nene, pande zote mbili. Watoto wangu huzichukua shuleni zimefungwa katika jani la mgomba, nazo huliwa baridi.