Kutoka Kadi ya Taulo hadi Daftari la Mita

Nilipoanza kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya mashariki ya Unguja, uhifadhi wa mazingira ulikuwa kadi. Ilikaa bafuni, imechorwa kasa, ikimwomba mgeni atundike taulo kama atalitumia tena, au aliache sakafuni kama anataka jingine. Wageni wengi walitundika. Sisi tuliyakusanya yote, yaliyotundikwa na ya chini, tukayapeleka londri, maana supavaiza hakutaka kusikia mgeni kalalamika kwamba taulo lina mchanga.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Goldstein, Cialdini na Griskevicius, walichapisha jaribio lao la hotelini. Kadi iliyosema kwamba wageni wengi hutumia tena mataulo ilifanikiwa kwa asilimia 44. Ile ya kuombea mazingira tu, 35. Utafiti mzuri, ila aliyepimwa ni mgeni. Londri hakuna aliyechungulia.

Kilichotugusa sisi ni maji. Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilitoa ripoti kuhusu vijiji vya pwani ya Zanzibar: kaya ya kawaida ilitumia lita 93 hivi kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Mimi niliishi pande zote mbili za hesabu hiyo. Mchana nasugua bafu la mgeni, jioni nasubiri mfereji utoe maji nyumbani.

Baadaye nikahamishiwa upande wa matengenezo, nikakabidhiwa daftari la mita. Wakala wa utalii wa Ulaya alikuwa ameanza kudai cheti cha mazingira, na cheti kina mkaguzi. Mkaguzi huyo, mama mmoja, alipofika, meneja alimtandikia picha za watoto wa skuli wakipanda mikoko. Akazitazama kwa adabu, kisha akaomba daftari, risiti za dizeli na za maboza ya maji, na idadi ya wageni waliolala kila mwezi. Akagawanya lita kwa wageni. Kidole kikasimama kwenye Aprili.

"Masika hii, wageni wachache. Mbona maji ni yale yale?"

Tuliufukua mpira mkuu wa bustani, tukaukuta umepasuka chini ya mibuyu, unamwaga usiku na mchana. Miaka yote ile kadi ya kasa ilikuwa ukutani.

Kisha mkaguzi akataka kumwona sheha, kiongozi wa kijiji. Meneja hakupenda. Sheha alimkaribisha barazani, akamsikiliza, akasema, "Cheti chao kizuri, mwanangu. Lakini kisima chao kikivuta, mfereji wa skuli unakauka." Nalo likaandikwa kwenye ripoti.

Wapo waliotutangulia mbali. Kisiwani Chumbe, tangu miaka ya 1990, kila banda la mgeni lilijengwa na paa la kukinga mvua na tangi chini ya sakafu. Vyoo havitumii maji. Mgeni wa pale haombwi aamini chochote. Maji anayooga anaona yalikotoka. Kwangu mimi huo ni ushahidi kuliko cheti chochote. Hoteli ya vyumba mia haiwezi kuiga hivyo, basi nayo ioneshe mita.

Siku hizi maneno matupu yanabanwa hata huko wanakotoka wageni. Mwaka 2024 Booking.com iliondoa alama yake ya hoteli endelevu baada ya mamlaka ya Uholanzi inayolinda watumiaji kusema kwamba inaweza kuwapotosha watu. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya, inayoanza kutumika Septemba 27, 2026, inakataza biashara kujiita rafiki wa mazingira bila uthibitisho. Nasi hatukusubiri: tovuti yetu ikafutwa sifa, ikawekwa tarakimu: lita kwa kila mgeni kwa usiku. Meneja alinung'unika kwamba mgeni amekuja kupumzika, hakuja kukagua mahesabu. Ana haki kiasi. Ndiyo maana mimi nilitaka tarakimu hiyo ibandikwe pia kwa sheha, kwa wanaokunywa kisima kimoja na sisi.

Ikabandikwa. Wiki haikwisha, mvuvi mmoja mzee akanisimamisha njiani: "Nimeisoma ile karatasi yenu. Na maji ya bwawa la kuogelea mmeyahesabu wapi?" Hayakuwa yamehesabiwa. Bwawa sasa lina mita yake.