Hedhi Inapokoma Kabla ya Wakati Wake

Katika makao ya askari iko habari itembeayo upesi kuliko redio, nayo ni ile ya mwanamke aliyekosa siku zake. Mumewe akiwapo nyumbani, majirani hutabasamu na kuanza kuhesabu miezi. Mume akiwa mbali, kama walivyo askari wa Rwanda waliotumwa Jamhuri ya Afrika ya Kati tangu mwaka 2014 na Cabo Delgado, Msumbiji, tangu Julai 2021, hesabu ile ile hugeuka mashtaka. Ni nadra kusikia mtu akiuliza swali lililo jepesi kuliko yote: je, mama huyu anakula na kulala?

Chukua mfano wa mke wa askari akaaye Kanombe, mjini Kigali. Mumewe yu kazini ng'ambo. Yeye huamka saa kumi alfajiri, hunywa chai kavu, huwaandaa watoto, kisha hupanda na kushuka vilima kwenda sokoni. Jioni chakula huwa cha watoto kwanza. Kilichobaki ndicho chake. Usiku hulala na simu kifuani, akingoja sauti ya mumewe. Katika muda wa miezi minne amepungua kutoka kilo 60 hadi 50, na hedhi, ambayo Wanyarwanda huiita imihango, imekatika. Hana mimba, wala hakufanya kosa lolote. Mwili wake umefunga mlango ambao haukuona njia ya kuuhudumia.

Kazi hiyo huongozwa na ubongo. Sehemu yake ndogo iitwayo haipothalamasi hupeleka ishara kwa tezi ya pituitari, nayo huamsha vifuko vya mayai. Mafuta ya mwili yanapopungua, kichocheo kiitwacho leptini hupungua pia, na ubongo huelewa kwamba ghala ni tupu. Wasiwasi wa muda mrefu nao huongeza kotisoli, na ishara zile hudhoofika. Yai halikomai, na hedhi haiji. Wakati wa njaa kuu ya Uholanzi ya mwaka 1944 na 1945, wanawake wengi walikosa hedhi kwa sababu kama hizo, nayo ikawarudia walipopata chakula.

Binti aliye mafunzoni jeshini au polisi hukabiliwa na jambo hilo hilo. Mazoezi yenyewe si adui. Mwezi Septemba 2025, Kigali ilipopokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika, wanawake walipanda vilima vile vile vya mji huu, na umati ukawashangilia. Taabu huanza pale jasho linapozidi chakula. Mwaka 1992 wataalamu wa michezo wa Marekani walianza kuhusisha mambo matatu kwa wanamichezo wa kike: ulaji hafifu, kukatika kwa hedhi, na mifupa kudhoofika. Hedhi inapokatika hivyo, kichocheo cha estrojeni hupungua, na mfupa hupoteza nguvu. Askari anaweza kupata ufa mguuni kwa sababu ya kwata tu. Basi asidhani kuwa kukosa hedhi ni nafuu ya mazoezi.

Hata hivyo, si vema mtu kujitibu kwa kukisia. Mwanamke aliyezoea kupata siku zake sawasawa, akizikosa miezi mitatu mfululizo, na amwone mganga. Kipimo cha mimba ndicho cha kwanza, hata kama mwenyewe ana hakika. Kisha mganga ataangalia mambo mengine: kunyonyesha, sindano za uzazi wa mpango, maradhi ya tezi ya shingo, au kukoma hedhi mapema. Mwili kukonda kwa ghafula waweza pia kuwa dalili ya kifua kikuu au kisukari. Kwa hiyo lawama zote zisiwekwe juu ya mawazo.

Ikithibitika kwamba chanzo ni kukonda na wasiwasi, dawa kubwa imo jikoni na kitandani. Maharage, isombe, mayai, ndizi, sambaza wa Ziwa Kivu na maziwa mgando vitaujenga mwili, mradi mama ale hadi kushiba, wala asiachiwe masalio. Mazoezi makali yapunguzwe, usingizi uongezwe, na mzigo wa moyo ushirikishwe mshauri. Hedhi huenda ikachukua miezi kadhaa kurudi. Yafaa pia ieleweke kwamba yai hutangulia damu. Mwanamke aweza kushika mimba kabla ya kuiona hedhi yake ya kwanza.

Mume naye ana zamu yake. Akirudi likizo na kumkuta mkewe amekonda, aanze kwa kumpeleka kliniki, si kwa kumhoji. Akiwa mbali, neno moja la upole katika simu na fedha ya matumizi ifikayo kwa wakati vyaweza kumpunguzia mke wasiwasi unaomnyima usingizi. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Mwanamke aionapo aibu kumweleza mganga habari za hedhi yake, na mume aionapo aibu kumsikiliza, wote wawili huificha hatari ambayo ingeweza kuonekana mapema na kutibika.