Bati la Mwanae Limemponza Bibi wa Iyunga

Wengi wanadhani hela za TASAF unaenda tu ofisini kuziomba. Ndivyo alivyodhani bibi mmoja wa Iyunga, Mbeya, miaka 74. Kabeba kitambulisho chake cha NIDA mpaka ofisi ya mtaa, anataka fomu. Fomu hakuna, bibi! Kaya maskini hutajwa na wananchi wenyewe kwenye mkutano, kisha ndiyo dodoso lijazwe. Uzee peke yake haukuingizi.

Mkutano ulipofika, jina lake likatajwa. Jirani akasimama: "Huyu ana nyumba ya bati." Kweli, bati lipo. Aliezeka mwanae, sasa marehemu, na wajukuu watatu aliowaacha wanalala chini yake. Jamani, bati linaliwa?

Zanzibar tangu Aprili 2016 wazee wa miaka 70 na kuendelea wana pensheni jamii, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi, uwe na bati au makuti. Huku Bara bado.

Bibi anasubiri mkutano mwingine. Safari hii kamwomba balozi apite kwake usiku, ahesabu wanaolala humo ndani.