Tafakari ya Juma: Wivu Tunaouficha



Wapendwa katika Kristo, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya ugonjwa ambao wengi wanaougua hawautaji kwa jina lake, nao ni wivu juu ya mapenzi ya zamani ya mtu tunayempenda. Hatusemi juu ya mume anayemshuku mkewe, wala juu ya mke aliyemfumania mumewe. Tunasema juu ya mtu anayejua vema kwamba mwenzake ni mwaminifu, na hata hivyo moyo wake unachomwa kila linapotajwa jina la mtu aliyependwa kabla yake. Ugonjwa huu huwa mzito zaidi wahusika wanapolazimika kufanya kazi pamoja, iwe dukani, shuleni au kanisani, kwa maana hapo mgonjwa hutakiwa kutabasamu kila siku.

Tutaeleza kisa kimoja kutoka parokia tuliyoitumikia miaka mingi iliyopita. Hakikusemwa katika kitubio, na mume na mke wanaohusika wametupa ruhusa kukisimulia. Majina tunayaacha.

Mume alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia. Mkewe aliimba sauti ya kwanza, na mara nyingi ndiye aliyeimbisha mashairi. Kwaya ile ilikuwa imelelewa na mwalimu mwingine, aliyehamia mji wa mbali kikazi. Nyimbo zake ziliendelea kuimbwa karibu kila Jumapili, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwa mkono juu ya kila nakala. Mwalimu huyo wa zamani na mama yule walikuwa wamewahi kuwa wachumba kwa muda wa karibu miaka 2, kisha uchumba ukavunjika bila ugomvi. Mama hakumficha mumewe jambo hilo. Alimweleza yote kabla ndoa yao haijatangazwa kanisani, naye mume akajibu kama wengi wetu tunavyojibu: yaliyopita si ndwele.

Ikafika jubilei ya miaka 50 ya parokia. Kamati ikapendekeza kuwaalika wote waliowahi kuitumikia, na mwalimu yule akakubali kuja likizo yake yote, majuma 6, ili aiandae kwaya akishirikiana na mwalimu aliyekuwapo. Mume ndiye aliyekwenda kumpokea stendi na kumbebea mzigo. Mbele ya wanakwaya alimwita kaka. Hakuna aliyeona kasoro yoyote.

Lakini wivu haufi kwa kufichwa. Wimbo wa shukrani uliotungwa na mgeni ukaondolewa katika ratiba, kwa sababu, ilisemwa, ulikuwa mrefu mno. Mashairi aliyozoea kuyaimbisha mke akapewa binti mwingine, kwa sababu vijana nao wanapaswa kupewa nafasi. Jioni moja mke alisahihishwa nota mara 3 mbele ya wote, kwa sababu siku zilikuwa zimekaribia. Kila sababu ilikuwa nzuri, wala hapakuwa na hata moja ya kweli. Mke akaanza kunyamaza, kwanza mazoezini, kisha nyumbani mezani.

Ndipo mume akaja ofisini kwetu baada ya Misa ya asubuhi. Alizungumza kwanza juu ya vipaza sauti na sare za kwaya. Alipokwisha inuka ili aage, akashika kitasa cha mlango na kusema, “Padre, mke wangu hajanikosea chochote, nami namwadhibu kila Jumatano na Jumamosi.” Kisha akarudi kuketi.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, tunasoma sheria ya kale juu ya mume aliyeingiwa na roho ya wivu. Alipaswa kumpeleka mkewe kwa kuhani pamoja na sadaka ya unga wa shayiri usiotiwa mafuta wala ubani. Mwenye wivu alikuwa mume, lakini aliyejaribiwa alikuwa mke. Tuliikumbuka sura hiyo asubuhi ile, kwa kuwa mtu huyu alikuwa amefanya kinyume chake. Mkewe alimwacha nyumbani, akajileta yeye mwenyewe.

Wapendwa, tungependa kusema kwamba tulimshauri kama tabibu mwenye afya. Haikuwa hivyo. Alipokuwa akizitaja zile sababu zake nzuri, tulizisikia za kwetu. Sisi nasi tulikuwa tumempokea mchumba aliyekwisha kupendwa, maana parokia ile ilimpenda sana paroko aliyetutangulia. Katika kila jumuiya ndogo ndogo tuliyoitembelea tulisimuliwa habari zake, namna alivyojua majina ya watoto, namna alivyokwenda kwa baiskeli hadi vigango vya mbali. Tulitabasamu na kuitikia. Kisha tukaihamisha Misa ya watoto aliyoianzisha yeye, kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 5, tukiiambia Halmashauri ya Walei kwamba tunapanga upya ratiba ya Jumapili. Watoto wakapungua. Jina lake nalo lilikuwa katika orodha ya waalikwa wa jubilei, na barua yake ilikuwa imelala mezani petu siku 9 bila kutiwa sahihi. Mume yule aliketi mbele yake bila kujua.

Kwa hiyo ushauri tuliompa tulijipa sisi pia, na tunautoa kwenu leo.

Kwanza, kuusikia wivu moyoni bado si dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1767, inatufundisha kwamba maono ya moyo kwa yenyewe si mema wala mabaya. Ubaya huingia kwa kadiri akili na utashi wetu unavyoshiriki. Mtakatifu Agustino, katika kitabu cha 1 cha Maungamo yake, anaeleza alivyomwona mtoto mchanga, asiyejua bado kusema, akimtazama kwa uchungu mtoto mwenzake aliyenyonya pamoja naye. Wivu hutufikia kabla ya maneno. Jukumu letu huanza pale tunapoamua nini kifanyike nao.

Pili, kuuficha si kuushinda. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wivu uliofichwa hujitafutia kazi ndani ya kazi yetu ya kila siku, nao huvaa mavazi ya utaratibu, ya haki, hata ya uchaji. Tukijiona tunatoa sababu 3 kwa uamuzi mmoja mdogo, na tujiulize ni ipi ya 4 tuliyoiacha.

Tatu, tuuseme kama ugonjwa wetu wenyewe, wala si kama kosa la mwenzetu. Kumwambia mke “naumia, na sababu imo ndani yangu” ni tofauti kabisa na kumhoji alipendwa namna gani, mara ngapi na wapi. Maswali ya namna hiyo hayatibu kidonda; huchimbua tu. Wala haifai kuyasema mazoezini au dukani mbele ya watu, bali nyumbani, kwa utulivu. Na ikiwa wivu umekwisha kuwa vitisho, kipigo, au kumfungia mtu asitoke, hapo mwenye kuumizwa asiambiwe avumilie. Atafute usalama na msaada bila kuchelewa.

Siku chache baadaye walikuja wote wawili. Mume alikuwa amemweleza mkewe njiani, wakitoka mazoezini, gizani, ili asiutazame uso wake. Mke akamjibu, “Mume wangu, nilijua tangu juma la kwanza. Nilikuwa nangoja uniambie nimekukosea nini.” Kisha akamwambia neno ambalo mume hakuwahi kulifikiri. Yule mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma nota. Pasipo yeye asingaliingia katika kwaya ile, na ni katika kwaya ile mumewe alimkuta. Yale ya zamani aliyokuwa akiyaogopa ndiyo yaliyomleta mke hadi mlangoni pake.

Wimbo wa shukrani ulirudishwa, na siku ya jubilei mume mwenyewe aliuongoza, mkewe akaimbisha mashairi, na mtunzi akapiga kinanda. Hatutaki kuwadanganya kwamba maumivu yalikwisha siku ile. Mume alitueleza baadaye kwamba katika shairi la kwanza mkono wake ulikuwa mzito kama jiwe. Alitusimulia hayo mkewe akiwa ameketi pembeni yake, naye akacheka kidogo. Sisi tulikuwa tumekwisha kuitia sahihi barua, tukampigia simu mtangulizi wetu na kumwomba ahubiri. Tuliieleza Halmashauri ya Walei sababu ya kweli ya kuihamisha Misa ya watoto. Ilikuwa vigumu kuliko mahubiri yoyote tuliyowahi kutoa. Misa ikarudi saa 2.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 4, Bwana wetu amechoka kwa safari, ameketi kisimani yapata saa 6 mchana. Anamwambia mwanamke Msamaria kwamba amekuwa na waume 5. Anayajua yote yaliyopita, naye anayataja bila kumpiga nayo. Mwanamke anauacha mtungi wake na kwenda mjini kuwaambia watu kwamba amemkuta mtu aliyemweleza mambo yake yote. Analisema hilo kama habari njema. Nani kati yetu angefurahi hivyo kuelezwa maisha yake na mumewe, na mkewe, au na paroko wake? Hayati Papa Fransisko, katika sura ya 4 ya Wosia wake wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba wivu ni kuhuzunikia mema ya mwingine, na kwamba upendo wa kweli hututoa katika huzuni hiyo, kwa sababu hutuwezesha kutambua kuwa kila mtu ana karama zake na njia yake. Wanaotufikia wametoka njiani, na njiani walikuwapo wengine waliowapenda.

Juma hili, kila mmoja na ajiulize mbele ya Mungu: Ni jina gani likitajwa tabasamu letu huwa la kulazimisha? Ni nani anayelipa gharama ya tabasamu hilo bila kuambiwa?

Tuombe. Ee Bwana, wewe unayejua yote tuliyopitia na bado unatuita wako, utujalie kuwapokea wenzetu pamoja na njia waliyoijia. Utupe ujasiri wa kuutaja ugonjwa wetu kabla haujawaumiza tunaowapenda. Amina.

Tunawatakia Jumapili njema na juma lenye amani.