Maneno ya Kale Katika Hati za Leo

Lugha ni kama nguo: huvaliwa, huchakaa, na mwishowe huachwa. Lakini ipo nyumba moja ambamo nguo kuukuu hazitupwi, nayo ni nyumba ya sheria. Humo maneno yaliyokwisha kufa sokoni na majumbani huendelea kutunzwa kwa heshima kubwa.

Katika chuo cha ualimu nilikosomea, mkufunzi wetu alikuwa akisisitiza kwamba mwalimu asifundishe neno kabla hajajua lilikotoka. Nimeufuata wosia huo maisha yangu yote. Tangu nistaafu, wanaonijia barazani hawaji tena na madaftari. Huja na hati za mikopo, hati za viwanja na barua za mawakili, nyingi zikiwa kwa Kiingereza kilichopinda. Kwa ajili yao nimeyachimba baadhi ya maneno hayo, na ningependa, ndugu msomaji, tuyatazame machache pamoja.

Kwanza tujiulize, Waingereza wenyewe waliyapata wapi? Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Wakubwa wakawa wanasema Kifaransa, makasisi wanaandika Kilatini, na mkulima amebaki na Kiingereza chake shambani. Mwaka 1362 Bunge lilipitisha sheria kwamba kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakukielewa Kifaransa. Ajabu ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Kumbukumbu za mahakama nazo ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini hadi mwaka 1733, isipokuwa kwa muda mfupi katika karne ya 17. Basi hata Mwingereza wa kawaida alihukumiwa kwa lugha za wengine kwa karne nyingi. Nasi Tanganyika, tulipopewa sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, tulipewa pamoja na maneno yake.

Chukua neno "culprit", ambalo leo maana yake ni mkosaji. Inaelezwa kwamba zamani mshtakiwa alipokana kosa, karani wa mahakama alijibu kwa Kifaransa kwamba mtu huyo ana hatia na upande wa mashtaka uko tayari kuthibitisha. Katika daftari karani alifupisha: "cul. prit". Vizazi vilivyofuata, visivyojua tena Kifaransa hicho, vikaunganisha vipande hivyo viwili na kudhani ndivyo mshtakiwa anavyoitwa. Mwishowe neno likawa jina la mwenye hatia. Tazama hatari yake: mtu aliyesema "sikutenda" alibandikwa jina la mtenda kosa kabla shahidi hata mmoja hajasimama. Sisi tusijione bora. Mara ngapi tumesikia kijana aliyekamatwa asubuhi akiitwa mwizi kabla ya jua kutua, ilhali lugha yetu inatupa neno "mtuhumiwa" bure kabisa?

Neno la pili ni "benefit of clergy", yaani nafuu ya makasisi. Kasisi hakuweza kunyongwa na mahakama za mfalme. Alipaswa kukabidhiwa kwa askofu. Ukasisi ulithibitishwaje? Kwa kusoma. Baadaye hata mtu asiye kasisi aliweza kuponea hapo, akipewa Biblia ya Kilatini na kusoma mstari, ambao kwa kawaida ulitoka katika Zaburi ya 51. Watu wakauita mstari wa shingo, maana uliokoa shingo. Mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, aliyemuua mwenzake kwa upanga mwaka 1598, aliponea hapo. Alichomwa alama kwenye kidole gumba akaachiwa. Nafuu hiyo ilifutwa mwaka 1827. Mimi niliyeshika chaki miaka mingi siwezi kulisoma jambo hili bila kutikisa kichwa. Wawili wametenda kosa moja. Anayejua kusoma anarudi nyumbani, asiyejua anakwenda kitanzini. Twaweza kusema hayo yalikuwa ya ushenzi wa kale, lakini sidhani kwamba yamekwisha.

Hapo ndipo ninapofika kwenye neno la tatu, "mortgage". Ni maneno mawili ya Kifaransa cha kale: la kwanza ni kufa, la pili ni rehani. Rehani mfu. Kitabu cha sheria cha karne ya 12 kinachojulikana kwa jina la Glanvill kinaonyesha kwamba kulikuwa na rehani za aina mbili. Katika moja, mazao ya shamba lililowekwa yalipunguza deni. Katika nyingine, aliyekopesha alikula mazao na deni likabaki palepale. Hiyo ndiyo iliyokuwa mfu. Jaji Littleton, katika karne ya 15, alieleza kwa namna nyingine: mdaiwa asipolipa, ardhi imemfia yeye, akilipa, imemfia mdai.

Miaka michache iliyopita mjane wa mwalimu mwenzangu aliniletea karatasi za mkopo. Mwanawe alitaka kununua lori.

"Mwalimu, nimeambiwa ni udhamini tu, niwe kama shahidi," alisema. "Nionyeshe mahali pa kutia saini."

Nilizisoma zote, kisha nikamwambia, "Shemeji, humu hukuandikwa shahidi. Umeandikwa mweka rehani. Kinachowekwa ni nyumba."

Alinyamaza kitambo. "Nyumba hii ya marehemu?"

"Hiyo hiyo."

Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 imeweka kinga kadhaa. Kwanza, rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Pili, nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Lakini kwa mjane hakuna tena mwenzi wa kuulizwa; amebaki yeye na saini yake. Sikumwambia akatae wala akubali, maana nyumba ilikuwa yake na mtoto alikuwa wake. Alikataa. Kijana yule alikaa miezi bila kumsalimu mama yake, na mimi ananipita njiani hadi leo kana kwamba nimesimama kivuli. Neno moja lililoeleweka liliokoa nyumba na kuvunja maongezi ya jamaa. Siwezi kudai kwamba ukweli ulikuja bila gharama.

Uingereza yenyewe, kuanzia mwaka 1999, iliacha baadhi ya maneno ya kale katika kesi za madai, ili raia aelewe. Na Tanzania, mwaka 2021, ilitunga sheria inayofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Nimefurahi, ila nawatahadharisha wenzangu. Hakimu, wakili, shahidi, mirathi, hata rehani yenyewe, yote ni maneno yaliyotoka Uarabuni. Yamekuwa yetu kwa sababu tunayaelewa. Ugeni wa neno si kosa, wala uzee wake si kosa. Ubaya uko pale ambapo mmoja anajua maana, mwingine hajui, na wote wawili wanatia saini karatasi moja. Hilo laweza kutokea hata kwa Kiswahili fasaha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipewa hati usione haya kuuliza neno kwa neno, na anayekuharakisha mwambie utarudi kesho. Nanyi mliosoma, mkiombwa na jirani kumsomea, msimsomee haraka. Huenda huo ndio mstari wake wa shingo.