Bugarama, mahindi yakiingia ndani

Tulifika Bugarama jioni, siku ya pili ya likizo ya Juni, watoto wamegeuka rangi kwa vumbi la barabara ya kutoka Kahama. Mama alikuwa uani anageuza michembe juu ya mkeka. Binti yangu, niliyemfundisha salamu ndani ya basi, akapiga goti na kusema "Mwangaluka!" Bibi yake akacheka mpaka akashika kiuno. Hiyo ni ya asubuhi, mjukuu wangu. Saa hizi ni "Mwadila".

Usiku hatukulala. Juu ya dari la viroba vya salfeti kulikuwa na mbio, vita na harusi kwa pamoja. Asubuhi nikamuuliza mama. Akajibu kama anazungumzia mvua: "Hao wanakuja kila mwaka. Mahindi yakiingia ndani, nao wanaingia."

Na ndivyo ilivyo. Panya shamba huzaliana sana mvua zinapoelekea ukingoni, chakula kikiwa tele. Jike hubeba mimba kwa wiki tatu na siku chache, na kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo ni jambo la kawaida kwake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemfuatilia panya huyu kwa miaka mingi kwa sababu ya hasara anayowaletea wakulima. Mavuno yakishatolewa na majani kuchomwa, shambani hakuna cha kula wala pa kujificha. Kihenge cha mama kiko hatua thelathini tu kutoka shambani.

Sasa niseme kosa langu. Stendi ya Kahama nilikuwa nimenunua sumu ya panya kwa kijana aliyening'iniza spika begani, ile inayoimba panya, mende, kunguni, viroboto kutwa nzima. Kipakiti kidogo, hakina jina wala maandishi. Usiku wa pili nikaichanganya na dagaa, nikaiweka chini ya kihenge, na kipakiti nikakitupa chooni ili watoto wasikione. Nilijiona mwerevu.

Saa moja asubuhi nikamkuta mtoto wa mdogo wangu, ana miaka minne, amechuchumaa pale na dagaa mkononi. "Mama mkubwa, paka hataki kula," akaniambia.

Sikujua kama amelamba vidole. Jirani mmoja alisema tumpe maziwa, mwingine alisema tumtapishe. Mama akakataa yote, akamnawisha mikono na mdomo, akaita bodaboda. Kituo cha afya, swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Kipakiti kiko wapi?"

Ndipo miguu ilipoishiwa nguvu. Daktari alieleza kuwa sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, na mtoto anaweza kucheza vizuri siku mbili tatu kabla ya kuanza kutoka damu puani au kwenye fizi. Hiyo ina dawa yake, vitamini K. Lakini nyingine zinazouzwa mitaani ni viuatilifu vikali vya shambani, na hizo huua kwa saa chache. Bila jina, yeye anakisia tu. Maziwa hayaondoi sumu, na kumtapisha mtoto kunaweza kumpalia ikaingia mapafuni. Tulikaa hapo mpaka kesho yake, nikihesabu pumzi za mtoto wa mwenzangu. Mdogo wangu alikuwa Geita kazini. Kumpigia simu ile sitaisahau.

Mtoto hakupata kitu. Paka tulimzika Jumapili.

Siku zilizobaki nilitembea na mjomba kwenye ngitili yake, kipande cha malisho na miti anachokifunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Shinyanga iliwahi kufyekwa miti hadi ikaitwa jangwa. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, ulifufua utaratibu huu wa wazee wetu wa Kisukuma, na leo ngitili zinahesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Miti ikirudi, wenyewe nao hurudi. Kindi wawili walikuwa wanafukuzana shinani mwa mkwaju, watoto wakaganda kuwatazama. Mjomba hana mapenzi nao: Novemba akipanda karanga, wao wanafukua nyuma yake.

Alituonyesha pia kinyesi cha kanu, mnyama wa madoadoa mwenye mkia wa pete nyeusi na nyeupe, ambaye huku wengi humwita paka pori tu. Ni kweli anaiba vifaranga. Lakini kazi yake kubwa usiku ni panya, sawa na bundi, yule tunayemtupia mawe kwa sababu ya mkosi. (Mimi mwenyewe nimemtupia.) Mjomba amejenga banda la kuku la matofali lenye mlango wa bati, kanu akaachiwa panya wake. Wanyama hawa watoto wawatazame kwa mbali. Kanu au nguchiro anayekusogelea mchana bila woga huenda ana kichaa. Aking'ata, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha chanjo siku hiyohiyo.

Kwa mama tulifanya kazi ya mikono. Kihenge tulikipandisha juu ya nguzo za kimo cha kifua, kila nguzo ikavishwa bati kama sketi ili panya ateleze. Matundu ya ukutani yanayopitisha kidole gumba tukayaziba kwa saruji. Michembe ikaingia kwenye ndoo zenye vifuniko, maana mkojo wa panya nao ni hatari: homa ya mgunda iliyoua watu Lindi mwaka 2022 husambazwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwemo.

Badala ya sumu, mtego wa ndoo: maji nusu, fimbo juu, kopo linalozunguka lililopakwa siagi ya karanga. Tuliuweka darini, na ngazi tukaifungia stoo. Asubuhi ya kuondoka mtoto yule alisimama mlangoni, mikono mgongoni kama alivyoagizwa, akihesabu nilipokuwa nateremsha ndoo. Saba. Mama akasema kesho atapaka karanga nyingi zaidi.