Harufu Gani?

Tulikuwa tumeshaipita Garsen tukielekea Hola, mimi na Baba kwenye Probox yake, nilipoanza kusikia harufu ya kuungua.

"Harufu gani?" akaniuliza.

Nikadhani ni moshi wa nje, manake huku makaa ya mathenge yanachomwa kila siku. Tukafunga vioo. Harufu ikazidi.

Hola, fundi alianza na maswali kabla ya kugusa boneti. Ni kama mpira? Basi ni mkanda. Kama plastiki? Waya. Tamutamu? Maji ya rejeta yanavuja. Nikamwambia ni kama mafuta yaliyosahauliwa jikoni. Akafungua: gasketi ya juu ya injini imechoka, oili inadondokea egzosi.

"Mzee, hii ni ya wiki nyingi. Si ungesikia?"

Baba akainama kuangalia tairi ambayo haikuwa na shida yoyote.

Ndipo nikakumbuka ule wali ulioungua juzi, alivyoula wote akisifu mapishi.

Gasketi ilibadilishwa siku hiyo hiyo. Wakati wa kurudi hakuna aliyelitaja jambo hilo. Ila kila baada ya kilomita chache aliniangalia, nami nilivuta pumzi, nikatikisa kichwa: hakuna kitu, Baba, twende.